Pima Meza Kwanza: Mwongozo wa Kuchagua Monita Kulingana na Umbali wa Macho

Ukiingia duka la kompyuta Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, muuzaji atakuuliza mambo mawili: unataka inchi ngapi, na una bajeti gani. Ni nadra kuulizwa: ukikaa kwenye meza yako, macho yako yanakuwa umbali gani na kioo? Matokeo yake watu hubeba monita kubwa kuliko meza inavyoruhusu, au kubwa yenye pikseli chache kiasi kwamba herufi zinaonekana zina meno pembeni, kisha wanasingizia macho.

Mwongozo huu unakwenda kinyume na mpangilio wa dukani. Umbali kwanza, ukubwa wa kioo wa pili, pikseli za tatu, waya na kompyuta baada ya hapo, bei mwisho. Utahitaji futi kamba, au utepe wa fundi cherehani, na kikokotoo cha simu.

Anza na futi kamba

Kaa kwenye kiti kama unavyokaa ukiwa katikati ya kazi, mgongo umeegemea, mikono ipo kwenye kibodi. Mwombe mtu apime kutoka pembeni mwa jicho lako hadi mahali ambapo kioo kitasimama. Wengi hupima hadi ukutani, na hapo ndipo hesabu inapoharibika. Monita husimama juu ya kitako, na kitako hicho husogeza kioo mbele ya ukuta kwa sentimita 10 hadi 20 kutegemea muundo wake. Chukua meza ya kawaida yenye kina cha sm 60, imebanwa ukutani. Kioo kikiwa sm 15 kutoka ukutani, na macho yako yakiwa sm 10 hadi 15 nyuma ya ukingo wa meza, umbali halisi ni sm 55 hadi 60. Hiyo ndiyo namba ya kuandika kwenye simu kabla ya kwenda dukani.

OSHA, mamlaka ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama kazini, inashauri kioo kiwe inchi 20 hadi 40 kutoka machoni, yaani takriban sm 50 hadi 100. Ukiwa karibu zaidi ya hapo, misuli ya jicho inajikaza muda wote ili kuona vizuri. Ukiwa mbali zaidi, herufi zinakuwa ndogo na utajikuta umeinama kuzifuata, mgongo umeacha kiti.

Kama kipimo chako kimetoka chini ya sm 50, usianze kuchagua monita. Rekebisha meza kwanza. Ivute kutoka ukutani, au nunua mkono wa chuma unaobana ukingo wa meza na kuishika monita hewani. Kwa mkono huo kitako hakihitajiki tena, na kioo kinaweza kurudi nyuma hadi karibu na ukuta. Ukichagua njia hiyo, geuza monita utazame mgongo wake kabla ya kulipa. Panatakiwa matundu manne ya skrubu yaliyopangwa kwa mraba wa milimita 100 kwa 100, au 75 kwa 75, ambao ndio mpangilio wa VESA. Zipo monita zisizo nayo, na hizo hazifungiki kwenye mkono wa kawaida.

Inchi hazisemi yote

Inchi za monita hupimwa kwa mshazari, kutoka kona ya chini hadi kona ya juu ya upande wa pili. Kwa hiyo zenyewe hazikwambii upana wala kimo. Mfano mzuri upo kwenye maduka ya monita zilizotumika. Ile monita ya inchi 19 yenye umbo linalokaribia mraba, iliyojaa maofisini miaka ya 2000, ina kimo cha sm 30. Monita pana ya inchi 24 ya siku hizi ina kimo hichohicho. Anayetoka kwenye ile 19 kwenda kwenye 22 pana, akidhani amepanda inchi tatu, kimo chake kimepungua kwa karibu sm 3. Alichoongeza ni upana tu, na ukurasa wa barua unasomwa kwenda chini.

Kwa monita pana za uwiano wa 16 kwa 9, ambazo ndizo nyingi, vipimo vya kioo chenyewe bila fremu ni takriban hivi:

- Inchi 22: upana sm 48, kimo sm 27
- Inchi 24: upana sm 53, kimo sm 30
- Inchi 27: upana sm 60, kimo sm 34
- Inchi 32: upana sm 71, kimo sm 40
- Inchi 43: upana sm 95, kimo sm 54

Kanuni ya kwanza ninayoitumia ni hii: upana wa kioo usizidi umbali wa macho yako. Ukikaa sm 60 mbele ya kioo chenye upana wa sm 60, picha inachukua nyuzi kama 53 za eneo unaloliona, na kona zote mbili unazifikia kwa kuzungusha macho na kugeuza shingo kidogo tu. Ukizidisha hapo, kila ukitaka kuangalia saa iliyo kwenye kona ya chini, shingo nzima inaondoka. Mcheza gemu anaweza kuivunja kanuni hii kwa makusudi kwa sababu yeye anataka kuzama ndani ya picha. Anayesoma mikataba au kujaza hesabu saa nane kwa siku asiivunje.

Kwa kanuni hiyo, umbali wa sm 50 unakupa inchi 22, sm 55 unakupa 24, sm 60 hadi 70 unakupa 27, na sm 71 na kuendelea ndipo 32 inapoingia. Inchi 43 inataka karibu mita nzima.

Kimo nacho kina neno lake. Ukingo wa juu wa kioo unatakiwa uwe usawa wa macho au chini yake kidogo, ili utazame kwa kushusha macho. Kioo chenye kimo cha sm 54 kikiinuliwa juu ya kitako huvuka usawa huo, na anayekitumia hushinda ameinua kidevu.

Jicho linaona nukta hadi wapi

Sasa tuje kwenye pikseli. Picha yote ya skrini imejengwa kwa nukta ndogo za mwanga. Idadi yake kwa mlalo na kwa wima ndiyo resolusheni. Dukani utakutana na HD, ambayo kwenye kompyuta mara nyingi ni 1366 kwa 768. Full HD, 1920 kwa 1080. QHD, 2560 kwa 1440. Na 4K au UHD, 3840 kwa 2160. Jihadhari na jina 2K. Kwenye sinema lina maana ya upana wa nukta 2048, lakini wauza monita hulitumia kwa 2560 kwa 1440. Omba namba, usikubali jina.

Mwaka 1862 daktari wa macho wa Uholanzi, Herman Snellen, alitoa ule ubao wa herufi tunaosomeshwa kliniki mpaka leo. Herufi za mstari wa 6/6 zimechorwa ili kwamba, ukiwa mita 6, unene wa kila mstari wa herufi uchukue sehemu moja tu ya 60 ya nyuzi moja. Hicho ndicho kipimo cha jicho lisilo na tatizo. Ukikigeuza kuwa hesabu ya mezani, nukta inaacha kuonekana peke yake pale ukubwa wake unapokuwa mdogo kuliko umbali wako uliogawanywa kwa 3,438. Ukiwa sm 60, yaani mm 600, jibu ni kama mm 0.17. Nukta ya monita ya inchi 24 ya Full HD ina mm 0.28, kwa hiyo jicho zuri bado linaikamata. Nukta ya inchi 27 ya 4K ina mm 0.16, nayo imeshapotea.

Steve Jobs alitumia hesabu ya aina hiyohiyo mwaka 2010 alipotangaza iPhone 4 yenye nukta 326 kwa inchi. Alisema kwamba simu ikishikwa inchi 10 hadi 12 kutoka machoni, nukta 300 hivi kwa inchi zinatosha jicho lisizitenganishe. Monita iko mbali mara mbili ya hapo, kwa hiyo inahitaji nusu tu ya msongamano huo. Anayedai monita iwe na ukali wa simu anataka kulipia kitu ambacho macho yake hayatakiona.

Huhitaji kukariri hesabu hiyo. Chukua kimo cha kioo, kisha kizidishe kwa namba inayolingana na idadi ya mistari ya nukta kutoka juu hadi chini:

- Mistari 768: zidisha kwa 4.5
- Mistari 1080: zidisha kwa 3.2
- Mistari 1440: zidisha kwa 2.4
- Mistari 2160: zidisha kwa 1.6

Jibu ni umbali ambao, kuanzia hapo kurudi nyuma, nukta hazitenganishiki tena. Tuuite umbali safi. Kwa monita zinazopatikana sana, umbali safi ni takriban huu:

- Inchi 22 Full HD: sm 86
- Inchi 24 Full HD: sm 96
- Inchi 27 Full HD: sm 109
- Inchi 27 QHD: sm 82
- Inchi 27 4K: sm 54
- Inchi 32 Full HD: sm 128
- Inchi 32 QHD: sm 96
- Inchi 32 4K: sm 64
- Inchi 43 4K: sm 86

Ukiitazama orodha hiyo huku umbali wako ni sm 60, utadhani huna budi kununua 4K. Si lazima. Umbali safi ni ukamilifu, na kazi nyingi hazidai ukamilifu, kwa sababu kompyuta hulainisha kingo za herufi kwa kuweka nukta za rangi hafifu pembeni. Kanuni ya pili ninayoitumia ni theluthi mbili: ukikaa angalau theluthi mbili ya umbali safi, maandishi yanasomeka siku nzima bila kero. Kwa inchi 24 Full HD hiyo ni sm 64, kwa 27 QHD ni sm 55, kwa 27 Full HD ni sm 73, na kwa 32 Full HD ni sm 85. Sasa linganisha na meza yako. Utaona kwa nini 24 Full HD imekuwa monita ya kila ofisi: sm 60 za meza ya kawaida zinakaribia kabisa kipimo chake. Utaona pia kwa nini 32 Full HD, ambayo bei yake huvutia, ni kosa kwa mtu wa kusoma. Umbali wa sm 85 unataka meza yenye kina ambacho nyumba nyingi hazina.

Itazame herufi e

Fungua hati ya Word, andika e ndogo kwa ukubwa wa 11, kisha sogeza uso. Windows ikiwa kwenye asilimia 100 huhesabu kila inchi kuwa nukta 96, bila kujali kioo chako kina ngapi kweli. Kwa hesabu hiyo mwandiko wa ukubwa wa 11 hupewa nukta 15 hivi kutoka juu hadi chini, na e yenyewe, isiyo na shingo wala mkia, hupata mistari kama 7. Ndani ya hiyo 7 lazima viingie upinde wa juu, uwazi, kijiti cha katikati, uwazi mwingine na upinde wa chini. Mistari mitano imekwisha hapo. Imebaki miwili ya kuchongea mviringo, na ndiyo maana pembe za e zinaonekana kama ngazi.

Kwenye inchi 24 Full HD, e hiyo ina kimo cha karibu mm 1.9. Ihamishie kwenye 27 Full HD, itafika mm 2.2. Imekua, lakini haijaongezewa hata nukta moja. Ngazi zilezile zimepanuliwa. Iweke kwenye 27 ya 4K huku Windows ikikuza maandishi kwa asilimia 200, itakuwa na mm 2.2 vilevile, ila sasa imejengwa kwa mistari 14, na mviringo unakuwa mviringo kweli.

Tofauti hii huonekana kwenye maandishi kuliko kwenye filamu. Picha ya mechi inatembea, kingo zake laini, na jicho halipati muda wa kukagua nukta. Herufi zimesimama, nyeusi juu ya nyeupe, na unazikagua saa nane kwa siku. Mhariri, mwanasheria, mhasibu na mwandishi wa programu ndio wanaofaidi pikseli nyingi kuliko mtazamaji wa sinema.

Nukta nyingi zisikuletee herufi ndogo

Ukiiacha ile 27 ya 4K kwenye asilimia 100, e yetu itashuka hadi mm 1.1, na hutamaliza ukurasa mmoja. Dawa ni ukuzaji wa maandishi kwenye mipangilio ya skrini. Ukiweka asilimia 150 unapata nafasi ya kazi sawa na ya QHD, kwa herufi zilizonyooka zaidi. Ukiweka asilimia 200 unapata nafasi ya Full HD. Kwa hiyo 4K kwenye inchi 27 haikupi nafasi mara nne ya Full HD, inakupa ukali. Anayetaka nafasi, tuseme majedwali mawili ya Excel yakiwa wazi ubavu kwa ubavu, afikirie inchi 32 ya 4K, au monita ndefu ya inchi 34 yenye 3440 kwa 1440. Hiyo ya 34 ina kimo karibu sawa na 27 QHD, na hesabu zake za umbali safi ni zilezile. Kilichoongezeka ni upana.

Kujua kama herufi zako zinatosha, pima H kubwa kwa rula. Kwa usomaji wa muda mrefu, kimo chake kiwe karibu umbali wako ukigawanywa kwa 170: mm 3.5 ukikaa sm 60, mm 4 ukikaa sm 70. Ukikuta ni ndogo, ongeza ukuzaji ndani ya Word au kivinjari kwanza, kabla ya kulaumu monita.

Lipo kosa moja linalofanywa sana: kupunguza resolusheni ili herufi ziwe kubwa. Kioo cha nukta 1920 kikiamriwa kuonyesha 1366, kila nukta moja ya picha inatakiwa ikae juu ya nukta 1.4 za kioo. Nukta haigawanyiki, kwa hiyo kompyuta inachanganya rangi za majirani, na picha yote inapata ukungu. Acha resolusheni kwenye namba asilia ya kioo, ile ambayo Windows yenyewe huitia alama ya kupendekezwa, kisha kuza maandishi.

Anayetumia Mac aongeze tahadhari moja. Mfumo wake hupendeza zaidi kwenye vioo vya nukta karibu 110 au karibu 220 kwa inchi. Inchi 27 QHD inaangukia kwenye la kwanza. Monita za Apple za inchi 27, zenye 5120 kwa 2880, zinaangukia kwenye la pili.

Kompyuta yako itaiweza?

4K ina nukta karibu milioni 8.3, mara nne kamili ya Full HD, na zote lazima zipite kwenye waya. HDMI 1.4, ambayo ipo kwenye kompyuta nyingi za zamani zinazouzwa baada ya kutumika, hupitisha 4K kwa picha 30 tu kwa sekunde. Utaiona kwenye kishale cha kipanya: kinaruka badala ya kuteleza. Kupata picha 60 kwa sekunde unahitaji HDMI 2.0, iliyotoka mwaka 2013, au DisplayPort 1.2, na pande zote ziwe nayo: kompyuta, waya na monita. Tundu la USB-C nalo lisikudanganye, maana si kila USB-C inatoa picha. Kama kompyuta yako ina VGA peke yake, baki Full HD kurudi chini, na tumia waya mfupi mzuri.

Kama mashine haiwezi 4K kwa picha 60, QHD ni kimbilio zuri. HDMI 1.4 huimudu kwa picha 60 kwenye vifaa vingi, na kwenye inchi 27 macho hayatalalamika.

TV kuwa monita

Wengi wana TV ya inchi 32 au 43 na wanajiuliza kwa nini wasiiunganishe na laptopu. Inawezekana, kwa masharti. TV nyingi za inchi 32 za bei nafuu zina kioo cha 1366 kwa 768. Umbali safi wake ni sm 40 mara 4.5, yaani sm 180, na theluthi mbili yake ni sm 120. Hapo ni kochini, mezani hapafai. TV ya 43 ya Full HD nayo inataka angalau sm 115 kwa hesabu ya theluthi mbili. Ya kufikiriwa ni 43 ya 4K peke yake, na meza iwe na kina cha kukupa sm 95.

Ukiiunganisha, ingia kwenye mipangilio ya picha ufanye mambo mawili. Kwanza, zima ukataji wa kingo, tabia iliyorithiwa kutoka TV za chogo, inayokula ukingo wa picha na kuficha upau wa chini wa Windows. Pili, chagua hali ya kompyuta au ya gemu. Bila hivyo TV nyingi hupunguza taarifa za rangi ili kurahisisha kazi, na maandishi mekundu juu ya rangi ya buluu yanamwagika kama wino kwenye karatasi mbichi.

Sebuleni hesabu ile ile inaokoa pesa. Ukikaa mita 3 kutoka kwenye TV, umbali safi wa 43 ya Full HD, sm 173, umeshaupita zamani. Kwa jicho la 6/6, faida ya 4K katika mita 3 inaanza kuonekana TV ikifika kama inchi 75. Tena picha yenyewe iwe ya 4K: king'amuzi kinachorusha chaneli za ubora wa kawaida hakibadiliki kwa sababu kioo kimebadilika, na Netflix kwa ubora wa juu kabisa hula hadi GB 7 kwa saa moja. Bando lako ndilo litakalotoa jibu.

Macho yaliyofika miaka 40

Kuanzia miaka 40 hivi, lenzi ya jicho huanza kuwa ngumu na kuona karibu kunapungua. Miwani ya kusomea hupimwa kwa umbali wa kitabu, karibu sm 40. Monita iko sm 60 au 70, kwa hiyo aliyevaa miwani hiyo huisogelea skrini bila kujijua, na hakuna pikseli zitakazomsaidia. Ukienda kupima macho, peleka kile kipimo cha futi kamba na umwambie mtaalamu kwamba unataka miwani ya umbali huo. Anayevaa miwani ya sehemu mbili ashushe monita sm chache zaidi, ili asiwe anainua kidevu kutafuta sehemu ya chini ya lenzi. Kwa mtu wa umri huu, inchi 27 QHD yenye herufi zilizokuzwa ina faida kuliko 24 yenye herufi ndogo.

Na macho ya umri wowote yapumzishwe: kila dakika 20, tazama kitu kilicho mita 6 mbele yako kwa sekunde 20.

Ukifika dukani

Mazungumzo huwa hivi:

"Kaka, hii ni 4K?"

"Inakubali 4K, bosi."

Kukubali na kuwa ni vitu viwili. Skrini inaweza kupokea 4K kisha ikaipunguza ili iingie kwenye nukta zake 1920. Uliza resolusheni asilia, au soma namba ya modeli kwenye karatasi iliyobandikwa mgongoni na uitafute kwenye simu hapohapo. Omba iwashwe kwa kompyuta, maana video ya maonyesho ya rangi kali haikuonyeshi chochote kuhusu maandishi. Fungua ukurasa wa habari wenye maandishi mengi, simama kwa umbali uleule uliopima nyumbani, usome aya nzima. Kisha weka picha nyeupe tupu na nyeusi tupu, utafute nukta zilizokufa na madoa. Kwa monita iliyotumika, angalia pia kama kona moja imefifia au kuwa ya njano.

Uamuzi wangu

Mwanafunzi au karani mwenye umbali wa sm 55 hadi 60 achukue inchi 24 Full HD, na kama bajeti ni finyu, monita ya ofisi iliyotumika ya inchi 24 yenye 1920 kwa 1200 ni bora zaidi, kwa kuwa ina kimo cha ziada cha sm 2. Mwenye sm 60 hadi 70 anayeandika au kupanga hesabu kutwa achukue 27 QHD. Kwa pesa unayotoa, sijaona inayoizidi. Mhariri wa maandishi, mbunifu wa michoro na mwandishi wa programu mwenye mashine ya kutosha achukue 27 ya 4K, au 32 ya 4K akiwa na sm 71 na kuendelea. Inchi 27 Full HD iwe ya gemu na filamu. Inchi 32 Full HD waachie wanaotazama kutoka kitandani.

Kabla hujamtumia muuzaji hela, hakikisha una namba tatu mkononi: umbali wako, kimo cha kioo na idadi ya mistari. Zisipokubaliana, rudisha monita hiyo kwenye rafu hata kama ipo kwenye punguzo, uombe nyingine.